Graveli ni Murram, Wasee. Ni Barabara ya Kwenda kwa Shosho Yako

Kila nikiposti video ya baiskeli kuna komenti moja hufika kabla ya zingine zote. Huandikwa na mtu tofauti kila wiki lakini maneno ni yale yale: "Buda, hiyo ni mchezo ya wazungu." Wiki iliyopita ilipata laiki zaidi ya mia tatu. Mia tatu, manze! Kwa hivyo leo sijaleta video. Leo nimekuja kubishana.

Tuanze na hilo neno lenyewe, graveli. Ni changarawe. Ni kokoto. Kwa lugha ya mtaa ni murram, ile barabara nyekundu inayopita nyuma ya shule ya msingi uliyosomea, ile uliyotumwa maziwa ukitembea peku ulipopelekwa ushago Disemba. Mvua ikinyesha inakuwa matope, jua likiwaka inakuwa vumbi, na mbunge huahidi kuiweka lami kila baada ya miaka mitano. Unaijua vizuri kuliko unavyojua Thika Road.

Sasa, 2006 kuna watu wachache walikutana mji unaitwa Emporia, jimbo la Kansas, Marekani, wakaanzisha mbio za maili 200, karibu kilomita 320, kwenye barabara za mashambani. Leo zinaitwa Unbound Gravel na ndizo mbio za graveli zinazojulikana zaidi duniani. Kampuni zikaona pesa. Zikatengeneza baiskeli yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo, tairi za milimita 40 hivi kwenda juu, gia nyepesi za kupandia mlima, na matundu ya kufungia mizigo kwenye fremu. Kufikia 2022 shirikisho la baiskeli duniani, UCI, lilikuwa limeanzisha ubingwa wa dunia wa graveli, wa kwanza ukafanyika Italia.

Sina shida na hao watu. Walipenda barabara zao wakazipa heshima. Shida yangu ni wewe. Mtu amechukua barabara ya kwenda kwa shosho yako, akaipa jina, akaiweka kwenye tangazo lenye ukungu na muziki wa polepole, halafu wewe, mwenye shosho, unakuja kwa komenti zangu kuniambia hiyo barabara ni ya wenyewe.

Na kabla hujaniuliza: ndiyo, najua baiskeli yenyewe ya graveli, mpya, ya dukani, ni bei ya shamba. Mimi sina. Yangu ni ya mitumba, fremu ya chuma, niliinunua elfu kumi na sita, na gia ishirini na moja zilizoandikwa pale zinaingia kama kumi na tatu. Nikaiwekea tairi pana, nikafunga kikapu mbele. Imenipeleka kila mahali nitakapokutajia hapa chini. Wakati huo huo simu uliyotumia kuandika ile komenti inauzwa elfu thelathini, na unalipa kidogo kidogo kila siku. Sijasema uiuze. Nimesema tu usiniambie baiskeli ni ghali ukinitumia ujumbe kutoka kwa baiskeli mbili.

Wacha niwaambie njia yangu, ndio tuwe tunabishana juu ya kitu tunachokijua.

Naanzia Kimende, kwa sababu matatu hadi pale hukubali kubeba baiskeli juu ukiongea vizuri na makanga. Mbele kidogo ni Kinale. Huko kuna misonobari. Ukitoka barabara kuu na kuingia njia za msituni unapata baridi ya kukata masikio, harufu ya utomvu, na sindano za misonobari chini ya tairi hadi hata husikii mnyororo. Miti imesimama kwa mistari kama wanafunzi asubuhi ya paredi.

Hiyo mistari ndiyo inafaa ikushtue. Watu wa kontenti (ndiyo, wenzangu) hupeleka droni pale juu halafu wanaandika "msitu wa asili". Asili gani? Msonobari si mti wa Kenya. Huu mwingi unaouona ni patula, kwao ni Meksiko. Kulikuwa na mwingine wa kutoka California, radiata, ulipandwa sana wakati wa mkoloni, kisha miaka ya sitini ugonjwa wa kuvu ukaushambulia sindano ikabidi waache kuupanda. Hii ni miti ya mbao. Ni shamba la serikali. Miche ikiwa midogo, watu wa pale hupewa nafasi ya kulima viazi na kabichi katikati ya mistari, na kwa malipo hayo wanaitunza hadi iwe na kivuli, halafu wanahamia kipande kingine. Mwaka wa 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji miti kwenye misitu ya umma, na Julai 2023 Rais Ruto akatangaza kuondoa hiyo marufuku. Katikati ya hizo tarehe mbili kuna mafundi mbao na familia zao walioishi miaka mitano wakingoja. Kutoka kwa gari la vioo vyeusi hayo yote ni ukijani unaopita. Kwenye baiskeli unakutana na mama anapalilia viazi chini ya mti wa Meksiko na lazima umsalimie, kwa sababu unaenda pole na njia ni nyembamba. Na ukiwa karibu naye hivyo, yeye ndiye mwenyeji na wewe ndiye unaomba njia.

Kutoka Kinale unafika Flyover, unakata kulia, na sasa uko Kinangop. Njabini, halafu bwawa la Sasumua ukingoni mwa msitu wa Aberdare. Mimi husimama pale kila safari. Maji yake huletwa Nairobi kwa mabomba, kwa hivyo kuna siku uliosha soksi zako na ziwa ambalo hujawahi kuliona. Kwa elimu niliyopata kabla ya kuacha campo mwaka wa pili, hakuna aliyenifundisha hilo. Nilifundishwa na bango lenye kutu na kijana aliyekuwa akilisha kondoo.

Kinangop ni uwanda wa juu, zaidi ya mita 2,400, upepo haujui huruma. Na ni hapo, kabla ya kufika Engineer, nilipitwa na mzee kwenye Black Mamba. Nilipitwa, wasee. Ile baiskeli nyeusi ya chuma, gia moja, breki za vyuma, na nyuma mitungi ya maziwa imefungwa kwa mpira wa tyubu. Tulikutana tena kwenye kituo cha kupimia maziwa.

"Guka, umebeba lita ngapi?"

"Sitini. Wewe kijana umebeba nini?"

"Kamera."

Akaangalia baiskeli yangu, akaangalia kamera, akacheka hadi akashika ukuta. Hakusema kitu kingine, na hakuhitaji.

Kila asubuhi mtu wa umri wake anamaliza barabara ambayo kwingine watu hulipia kiingilio na kupewa medali. Hana jezi, hana programu ya kuhesabu kilomita. Ukimwambia anafanya mchezo ya wazungu ataita watu waje wakuone. Na sio yeye tu. Unajua neno bodaboda lilitoka wapi? Busia, mpakani. Kabla ya nduthi ilikuwa baiskeli, ikibeba watu na magunia kwenye kipande cha barabara kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda, vijana wakiita abiria "boda, boda". Biashara nzima inayolisha nusu ya marafiki zako ilianza kwa pedali. Sisi ndio tuliamua baadaye kwamba pedali ni aibu.

Aibu. Hilo ndilo neno ninalolitafuta tangu mwanzo. "Ni ya wazungu" ni kisingizio cha heshima tu. Tukiwa wakweli tunaona haya kwa sababu baiskeli kwetu ni ishara ya mtu ambaye bado hajafika. Mjomba wako alinunua baiskeli, akapata pesa akanunua nduthi, akapata zaidi akanunua Probox, na kila hatua ilisherehekewa. Kurudi kwa pedali ni kama kurudisha mbuzi wa mahari. Niliposimamisha masomo, jirani yetu mmoja aliniona na baiskeli akamwambia mathe, kwa huruma kabisa, "pole, mtoto amerudi hadi huko." Lakini mzungu akipita Mai Mahiu na baiskeli hiyo hiyo tunamwita mjasiri na tunaomba selfi.

Wasichana wanapata mbaya zaidi. Kuna dada kwenye mbogi yetu anapanda vilima kuliko mimi, na kila soko tunalopita lazima kuna mtu mzima anamuuliza kama atazaa kweli. Watu hawajawahi kumuona, hawajui jina lake, wanauliza tumbo lake. Yeye hujibu, "Shikamoo mzee," halafu anaendelea kupanda. Mimi sina hiyo subira.

Kutoka Engineer unashuka bonde. Zaidi ya mita mia tano za mteremko hadi Naivasha, na hapo sitawadanganya kwa maneno, mikono inauma kwa kushika breki na unacheka peke yako kama mwendawazimu. Ziwa unaliona lote ukiwa juu. Linang'aa kama sahani ya bati.

Liangalie vizuri ukiwa huko juu, kwa sababu ukifika chini hutaliona tena.

Hii ndiyo sehemu inanikasirisha. Zunguka Ziwa Naivasha kwa baiskeli siku nzima uone. Upande wa kusini, Moi South Lake Road: ua, ukuta, lango, shamba la maua, lango, hoteli, ua wa umeme, shamba la maua. Ziwa liko mita mia chache kulia kwako na unachoona ni plastiki ya nyumba za maua na mibono ya ua. Sehemu za mwananchi kufika majini bila kulipa mtu zinahesabika kwa vidole, kama pale Karagita na Kamere. Nilisimama kwenye lango moja, nikaomba nipite niangalie maji dakika tano, baiskeli niache kwa mlinzi. "Kijana, una risiti?" Risiti ya ziwa! Mlinzi hana makosa, anatetea ugali wake. Lakini niambie, ziwa liko kwenye orodha ya Ramsar tangu 1995, dunia nzima inalitambua kama ardhi oevu ya maana, na mtoto aliyezaliwa Karagita analijua kwa harufu.

Halafu 2025 maji yakapanda, yakaingia Kihoto, watu wakatolewa nyumbani kwa mashua. Kwa hiyo maskini wa Naivasha hatimaye alifikiwa na ziwa, likiwa sebuleni.

Na kwenye hiyo hiyo South Lake Road, saa kumi na moja na nusu asubuhi kabla jua, utaona waendesha baiskeli wengi kuliko kwenye mashindano yoyote. Ni wafanyakazi wa maua. Wengine wanatembea, wengine wako kwa pedali bila taa, wanabanwa ukingoni na malori yanayokimbiza waridi uwanja wa ndege. Waridi lenyewe litafika Uholanzi kwenye chumba baridi, bila mkwaruzo hata mmoja. Aliyelikata anarudi nyumbani akiwa na kovu la kioo cha pembeni cha matatu. Mimi mwenyewe nilisukumwa mtaroni pale na matatu iliyokuwa ikipita nyingine. Dereva hakusimama, makanga alinipungia mkono.

Ndio maana sikubali mtu akiniambia hii ni habari ya burudani. Mwaka wa 2015 Kaunti ya Nairobi ilipitisha sera ya watu wanaotembea na wanaoendesha baiskeli, na kwenye hiyo sera iliahidi asilimia 20 ya bajeti ya usafiri iwaendee hao. Asilimia ishirini. Toka nje sasa hivi uniambie umeiona wapi. Pale Thika Road njia ya baiskeli ipo, imejaa mitumba na nduthi zilizoegeshwa. Expressway ilipofunguliwa 2022 baiskeli haziruhusiwi, sawa, lakini chini yake kwenye Mombasa Road mwenye baiskeli amepewa nini? Na sasa barabara ya Rironi hadi Mau Summit inapanuliwa, kazi ilizinduliwa Novemba 2025. Ni barabara inayopita pale pale Kimende, Kinale, Naivasha, Gilgil. Wote mnabishana kuhusu ada ya kulipia. Bisheni, ni haki yenu. Mimi nataka kujua mzee wa lita sitini atapita wapi, na ninataka kujua kabla lami haijamwagwa, kwa sababu ikishamwagwa wataniambia tusubiri awamu ya pili.

Najua mtu atasema, "Lakini hata huko kwa mashindano sisi hatupo." Hatupo? David Kinjah yuko Kikuyu, rasta zake na karakana yake, na kikundi chake cha Safari Simbaz. Mtoto mmoja aliyepita mikononi mwake anaitwa Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, akashinda Tour de France mara nne. Akiwa na bendera ya Uingereza, lakini milima aliyoanzia ni hii. Suleiman Kangangi alikuwa nahodha wa Team Amani na ni mmoja wa watu waliosukuma graveli iwe mlango wa Waafrika Mashariki kuingia mbio za dunia. Tangu 2021 kuna Migration Gravel Race kule Mara, siku nne, kama kilomita 650, Wakenya na Waganda na Wanyarwanda wakikimbizana na mastaa wa Ulaya kwenye vumbi letu. Sule alifariki Agosti 2022 akiwa kwenye mashindano Vermont, Marekani. Alifia kwenye graveli. Uandike tena kwamba ni mchezo ya wazungu, lakini uandike ukijua hilo.

Na Septemba 2025 ubingwa wa dunia wa baiskeli za barabarani ulikuja Kigali, mara ya kwanza Afrika. Baadhi ya nchi za Ulaya zikapunguza timu zao, zikasema safari ni ghali. Nilicheka kama yule guka. Miaka yote vijana wetu wamekuwa wakitafuta nauli na viza kwenda kwao, hakuna aliyeandika makala kuhusu gharama.

Sisemi kila mtu anunue baiskeli. Kuna watu magoti yao hayataki, kuna watu wako na kazi usiku na mchana. Na sisemi tuwaige wazungu wa matangazo, wale wa kukimbia kilomita 320 halafu wanalia kwenye kamera. Mwendo wangu ni wa kusimama kila duka. Baada ya Naivasha mimi hulala, halafu kesho yake napita upande wa kaskazini wa ziwa, kwenye vumbi, napanda Eburru. Huko mlima unatoa mvuke kutoka ardhini, na wenyeji wamechomeka mabomba wakaunasa huo mvuke, ukipoa unakuwa maji ya kunywa. Niliwahi kujaza chupa hapo. Maji ya volkeno, bure, kwa ruhusa ya shosho mwenye bomba. Ukishuka upande ule mwingine ni Elementaita, maji ya chumvi, wari weupe wengi hadi unadhani ni povu, na liko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2011 pamoja na Nakuru na Bogoria. Hiyo safari nzima, siku mbili, matatu na chakula na chumba cha kulala, ilinigharimu pungufu ya unachotumia wikendi moja ya kukaa kwa kiti kile kile Westlands. Nina hesabu, nitaiweka kwenye stori leo jioni.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao tunatoka Kimende, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, karibu na stendi. Tunaenda hadi Sasumua na kurudi, hatuachi mtu nyuma. Baiskeli yoyote, hata Mamba ya baba yako. Kuja na tyubu moja ya akiba, pampu kama unayo, sweta nzito, na taa ya nyuma hata ya mia mbili hamsini. Ukipita kwa lango la msitu unalipa ada kama kila mtu, hatupiti nyuma ya ua. Na yule wa komenti, wewe mwenye laiki mia tatu, nimekuwekea baiskeli. Gia zake zinaingia zote.